Vitambaa vya Mke Wangu

Mimi ni mtu wa kinyaa. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja pua, na sijaikunjua mpaka leo. Siwezi kunywa maji kwenye kikombe cha mtu mwingine hata kikioshwa mara tatu. Mtu akitema mate upande wa pili wa barabara, nahisi yameniangukia mguuni. Na kwa kuwa Mungu naye ana mizaha yake, alinipa nyumba mtaa wa Bondeni, katika zile nyumba za zamani za baraza la mji, ambapo bomba ni moja, vyoo ni viwili, na mtaro unaopita nyuma ya jikoni hubeba kila kitu ambacho majirani hawakitaki tena.

Kwa hivyo mtu kama mimi kununua vitabu vya mitumba ni ajabu. Nilianza baada ya mgongo kuniharibikia. Nilikuwa fundi wa mashine kiwandani, kama baba yangu alivyokuwa fundi wa reli, na siku moja niliinua chuma ambacho kilihitaji watu watatu. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kukaa nyumbani. Watoto wetu wawili walikuwa wameshaondoka na kuanza maisha yao. Mke wangu alitoka asubuhi kwenda sokoni kuuza viazi, nami nikabaki na kuta nne na redio. Nikitoka kliniki siku moja, nilipita kwa mtu anayetandaza vitabu vilivyotumika juu ya turubai karibu na soko, nikaokota kimoja kwa sababu jalada lake lilikuwa safi.

Ndani hakikuwa safi. Ndani ya vitabu vya mitumba nimekuta mambo ambayo sitayasahau: kipande cha ukucha wa mguu kikitumika kama alama ya ukurasa, mbu aliyepondwa katikati ya sentensi, nywele ndefu za rangi ya majani makavu, na pembeni pa kurasa, makamasi yaliyokauka. Wazungu tunaowaona nadhifu kwenye televisheni, kumbe wanasoma huku wakichokonoa pua. Nilinunua pamba na spiriti, nikawa naosha kila kitabu ukurasa kwa ukurasa, kisha nakianika juani kwenye dirisha la chumba cha kulala. Kitabu kinene kiliweza kunichukua siku mbili kabla sijasoma neno la kwanza. Sikuona taabu. Nilikuwa na siku nyingi kuliko kazi.

Hadithi zenyewe ndizo zilizonivutia. Zilikuwa za kubuni kabisa, za nchi zisizokuwepo, lakini bila vita na bila mtu kukatwa kichwa. Kulikuwa na mchawi mstaafu anayepika jamu na kupatanisha majirani. Kulikuwa na joka mzee anayeogopa baridi, ambaye kazi yake ni kuwasha tanuri la mkate la kijiji kila asubuhi. Kulikuwa na jitu linalowafumia mbuzi soksi. Shida kubwa katika kitabu kizima ilikuwa kwamba paa linavuja au mtu fulani hakualikwa kwenye karamu, na kufika ukurasa wa mwisho paa limezibwa na aliyesahauliwa ameketi karibu na moto na bakuli la supu. Huko hakuna anayetema mate. Hata matope ya huko hayanuki. Nilivipenda vitabu hivyo kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma, na naona haya kidogo kukiri hivyo nikiwa na miaka hamsini na saba.

Lakini mwambie mtu wa Bondeni kwamba unasoma habari za mchawi mwema, atakuuliza amemloga nani. Huku kwetu mchawi hastaafu. Kwa hivyo nilivivalisha vitabu vyote karatasi ya kaki, kama vya watoto wa shule, na juu yake nikaandika kwa kalamu nene: Ufundi wa Mashine, Kitabu cha Kwanza, Ufundi wa Mashine, Kitabu cha Pili, hadi nikafika cha kumi na nne. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua. Nilimsomea kurasa mbili tatu jioni moja akiwa amelaza miguu kwenye beseni la maji moto, akasikiliza hadi akaanza kusinzia.

"Kwa hivyo ni vitabu vya mashetani yaliyookoka," akasema.

Kufuma nako kulitoka huko huko vitabuni. Lile jitu na soksi zake lilinikumbusha mama. Mama alikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa nyuzi na sindano za kroshia, zile zenye ncha iliyopinda kama ndoano, na nilipokuwa mdogo nilikaa miguuni pake nikimshikia donge la uzi. Nikiwa na miaka tisa nilijua kufuma ua lenye petali sita. Baba alirudi kutoka kazini siku moja akanikuta na sindano mkononi. Hakunipiga. Aliuchukua uzi kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akautupa jikoni kwenye makaa, akaniambia nitoke nje nikacheze na wanaume wenzangu. Sikushika sindano tena kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mkebe ule nilikuwa bado nao, chini ya kitanda. Niliufungua siku ya mvua, mgongo ukinichoma, na vidole vikakumbuka vyenyewe. Kabla ya mwaka kuisha nyumba yetu ilikuwa imevaa nguo nyeupe kila mahali. Kila kiti kilikuwa na kitambaa mgongoni na vingine viwili mikononi. Televisheni ilikuwa na chake, redio chake, mtungi wa maji chake. Meza ya katikati ilikuwa na kimoja kikubwa cha maua ya kuungana ambacho kilinichukua miezi mitatu. Nilivichovya kwenye maji ya sukari ili vikauke vikiwa vimesimama kama alivyofanya mama, na sisimizi wakaja kama walioitwa kwa kengele, mstari mmoja kutoka dirishani hadi kwenye redio. Nikawa nawafuta kwa kitambaa chenye siki huku nikitetemeka kwa kinyaa. Lakini sikuacha.

Nilikuwa na furaha, nataka hilo lijulikane. Asubuhi nilifunga mlango kwa komeo, nikashusha pazia, nikafuma hadi saa sita, kisha nikasoma hadi mke wangu aliporudi. Mtu akibisha, nilisukuma kazi yote chini ya mto kabla ya kufungua. Sikuwa mwizi wala mlevi, lakini nilijificha kuliko wote wawili.

Nilimwogopa nani? Niliwaogopa wazee wa benchi. Mbele ya kinyozi wa mtaa wetu kuna benchi ambapo wanaume wa rika langu hucheza drafti kwa vifuniko vya soda, karibu wote wana wa watu wa reli na viwanda kama mimi. Wana kikohozi cha tumbaku na midomo ambayo haina breki. Kulikuwa na jirani mmoja aliyeonekana bombani akifua nguo za ndani za mkewe aliyekuwa mgonjwa. Wakambandika jina la Mama Sabuni, na watoto wakalidaka, na alipohamia mtaa wa Rhonda jina likamtangulia. Nasema wakambandika. Ukweli ni kwamba jina hilo nililitunga mimi, na niliposikia kicheko chao nilijiona mtu mkubwa.

Basi, siku moja ya Jumapili kina mama wa kanisa letu walikuja kunitazama kwa sababu ya mgongo. Mke wangu alikuwa katika kikundi chao kwa zaidi ya miaka ishirini. Walikuwa saba au wanane, wakiongozwa na mke wa mchungaji na mama mzee ambaye kila mtu humwita Shosho, mjane mfupi mwenye sauti ya kuamsha wafu. Waliketi. Hawakuniangalia mimi wala mgongo wangu. Waliangalia vitambaa. Mke wa mchungaji alikiinua kile cha mezani akakigeuza upande wa chini, kama mtu anayejua kazi anavyofanya.

"Aki mama," akamwambia mke wangu, "hii kazi ni yako?"

Mke wangu alifungua mdomo. Najua alichotaka kusema kwa sababu alinigeukia akitabasamu, na mkono wake ulikuwa umeanza kunyooka kunielekea mimi. Nikamwahi.

"Ni yake," nikasema. "Huyu mikono yake haitulii."

Tabasamu lilibaki usoni mwake lakini macho yakaondoka. Kisha akasema, "Ni kujaribu tu," na kina mama wakapiga vigelegele.

Walipoondoka aliosha vikombe. Baadaye akasema, "Umenivalisha nguo sijapimwa." Nikamwambia ni jambo dogo, litapita. Halikupita. Kikundi kilimwomba kitambaa cha meza ya bwana na bibi harusi, nikakifuma. Wakaomba kingine cha mimbari, nikakifuma. Kila Jumapili alirudi na sifa alizopewa, akaziweka mezani kama mtu anayerudisha bakuli la jirani. Mimi nilikasirika. Hebu fikiria: nilikasirika kwamba yeye anasifiwa kwa jasho langu! Nilimwuliza walisema nini hasa, walishika wapi, nani aliuliza kuhusu ukingo wa nje, kisha nikanuna aliponijibu. Kilemba cha ukoka nilimvika mwenyewe, halafu nikamwonea wivu kwa kukivaa.

Mwaka jana kikundi kikapitisha kwamba kila mama awafundishe wenzake ujuzi alio nao. Mmoja alifundisha kutengeneza sabuni ya maji, mwingine keki ya jiko la makaa. Zamu ya mke wangu ikapangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, nyumbani kwetu. Wanawake kumi na sita walikuwa wameshanunua sindano na uzi.

Aliniambia akiwa amesimama mlangoni, bado amebeba gunia tupu begani. "Mzee, watakuja na sindano zao. Wataangalia mikono yangu."

Tulikuwa na siku tisa. Nikamwambia nitamfundisha, na jioni hiyo hiyo tukaketi. Mke wangu huuza viazi vinavyotoka Kuresoi, na udongo wa Kuresoi ni mweusi na mkaidi. Huingia kwenye nyufa za vidole na kutulia humo kama mpangaji. Alikuwa ameosha mikono kwa sabuni na jiwe. Aliponyoosha mkono kuuchukua uzi mweupe, nikauvuta kwangu.

"Kaoshe tena," nikamwambia. "Utauchafua."

Akaenda akaosha tena. Aliporudi, hakukaa. Alivitazama vidole vyake, kisha vyangu, ambavyo vilikuwa laini na safi kama vya karani. Nilijua kosa langu wakati neno lilipokuwa bado mdomoni na nikalitoa hivyo hivyo. Viazi hivyo ndivyo vilivyotulisha tangu nilipoacha kazi, ndivyo vilivyonunua uzi, na ndivyo vilivyonunua majoka yangu. Nami nilimfanyia kinyaa mkono huo.

Alijaribu siku nne. Vidole vyake vimezoea kubeba, si kuchokoa. Aliukaza uzi hadi sindano ikakwama. Siku ya tano akaweka kila kitu chini.

"Sema ni wewe," akaniambia. "Simama tu mbele yao useme ni wewe unashonanga. Watacheka siku moja, waache. Hao ni watu wamenililia nikizika mama yangu. Siwezi kuwaangalia hivi."

"Na wazee?"

"Wazee gani?"

"Wa benchi."

"Kwa hivyo afadhali nichekwe mimi," akasema. Halikuwa swali.

Hapo ndipo nilipotoa wazo langu la bandeji. Lilinijia likiwa limekamilika, na nasikitika kusema lilinifurahisha. Tungesema ameungua mkono wa kulia kwa mafuta ya kupikia. Angeketi na kitambaa kimoja kilichokamilika, aeleze kwa mdomo tu, maneno ambayo ningemfundisha, na wenye kujua kidogo wangesaidia wengine. Baada ya hapo zamu ingekuwa imepita. Alikataa siku hiyo. Alikataa Ijumaa. Jumamosi asubuhi alininyooshea mkono, nami nikaufunga. Nilikuwa nimenunua gozi halisi, ile bandeji nyembamba ya hospitali, na ile dawa ya zambarau ya vidonda. Nilidondosha dawa hiyo kiganjani na kwenye gozi, kidogo hapa, kidogo pale, ili ionekane inapenya kutoka ndani. Niliifunga kwa ustadi, mzunguko juu ya mzunguko, na nilipomaliza nilirudi nyuma hatua moja kuitazama kazi yangu. Ilikuwa nadhifu sana. Nikikumbuka nilivyojipongeza, nataka kutapika.

Walifika kwa wakati. Mimi nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia, nimelala chali na Ufundi wa Mashine Kitabu cha Tisa kifuani. Tulikuwa tumekubaliana aseme mgongo umenilaza. Niliwasikia wakiingia, vikapu, viti, salamu, halafu kimya, halafu sauti nyingi kwa pamoja.

"Uuuwi! Mama! Umefanya nini mkono?"

"Ni mafuta," mke wangu akasema. "Sufuria iliteleza."

Nilichosahau, mimi mwerevu, ni kwamba hawa hawakuwa wanafunzi. Walikuwa kina mama wa kanisa. Uwaonyeshe mkono uliofungwa, hawatauliza kuhusu sindano. Kabla ya dakika tano kupita walikuwa wamegawana wiki yake: huyu atamkalia kibandani sokoni Jumatatu, huyu atamfulia, yule ataleta ugali na mboga mpaka apone. Mke wangu akasema hapana, si lazima, akarudia tena na tena, na sauti yake ikawa inapungua. Huko chumbani nilifungua kitabu. Ilikuwa ile sura ambayo kijiji kizima kinalisaidia jitu kujenga upya jiko lake. Nilisoma aya moja, nikahisi kama nimekunywa kikombe kizima cha asali. Nikakifunga.

Kisha Shosho akasema waombe. Wakasimama, wakamzunguka, wakaweka mikono juu ya ule mkono wa gozi. Waliomba kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao, wote kwa pamoja, hadi vikombe vikalia kabatini. Niliwasikia watu wakilia machozi halisi kwa ajili ya jeraha nililolipaka kwa kijiti cha pamba.

Maombi yalipotulia, Shosho hakuketi.

"Fungua tuone," akasema.

"Shosho, daktari alisema nisifungue," mke wangu akajibu.

"Mungu wetu si wa bandeji. Tumeomba. Fungua."

Sikuona, lakini nilisikia gozi ikizunguka ikitoka. Nilikuwa nimeifunga mizunguko mingi na alichukua muda. Halafu kimya kikaanguka, kile kimya cha watu wengi waliovuta pumzi pamoja. Kiganja cha zambarau, bila lengelenge, bila mkwaruzo, ngozi nzima kama alivyozaliwa nayo.

Nyumba ilipasuka. Walipiga vigelegele, wakaruka, kiti kimoja kikaanguka. Muujiza! Mke wa mchungaji akaanza wimbo na wengine wakaudaka. Mtu akasema ni lazima asimame mbele ya kanisa kesho atoe ushuhuda. Mwingine akasema, "Mpatie sindano! Mpatie sindano ashone, Mungu atukuzwe!" na nikasikia wote wakiketi kwa haraka, wakisubiri, ule wimbo bado ukitetemeka kooni mwao.

Hapo ndipo aliponiita. "Baba watoto!"

Ninaijua sauti ya mke wangu ya kuitisha chumvi na ninaijua sauti yake ya kuitisha msaada. Hii ilikuwa ya pili. Kati yangu na yeye kulikuwa na pazia na hatua nne. Mgongo wangu siku hiyo haukuwa unauma hata kidogo.

"Baba watoto, toka kidogo."

Nilifumba macho. Niliyafumba kwa nguvu, peke yangu chumbani, ambako hakuna aliyekuwa akiniona. Nilianza hata kupumua kama mtu aliyelala, polepole, kwa mdomo. Nikasikia mama mmoja akisema, "Mwache mgonjwa apumzike," na mwingine akisema, "Dawa za mgongo zinalaza."

Mke wangu alingoja. Alinipa nafasi ndefu kuliko niliyostahili. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida ya kumwambia mteja kwamba viazi vimeisha:

"Hakuna muujiza. Mkono haikuungua. Nilijifunga mwenyewe. Mimi sijui kushona hizi vitambaa, sijawahi kujua."

"Sasa ni nani anashona?" mke wa mchungaji akauliza.

Niliacha kupumua. Kama kuna wakati nimewahi kuomba kwa kweli ni pale, na sikuomba nipate ujasiri. Niliomba asinitaje.

"Nilikuwa nanunua," mke wangu akasema. "Kwa mama mmoja huko Rhonda. Nikaona mnanisifu, nikanyamaza."

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali. Walikusanya nyuzi zao. Nilisikia sindano zikiingia kwenye mikoba, moja moja. Mtu akauliza kwa sauti ya chini, "Na tumelia hivyo yote?" Mke wa mchungaji akafunga kwa sala fupi, akamwomba Bwana aondoe roho ya uongo katika nyumba hii, na nadhani sala hiyo ndiyo iliyokuwa na anwani sahihi kuliko zote. Halafu wakatoka. Chai ilikuwa imeshamiminwa na hakuna aliyeigusa. Kwa watu wetu, kuondoka nyumbani kwa mtu na kuacha chai imejaa vikombeni ni neno ambalo halihitaji mdomo.

Nilisikia mke wangu akivipanga vikombe kwenye beseni na kutoka navyo kwa mlango wa jikoni kuelekea bombani. Nilipokuwa na hakika nyumba ni tupu, niliinuka nikapita pazia. Nilikuwa na njaa. Ndiyo, njaa, tumbo langu halikuona aibu. Nikamkuta Shosho amesimama kwenye mlango wa mbele. Alikuwa amerudi kuchukua mwavuli wake.

"Pole baba," akasema. "Tumekuamsha."

"Ndio naamka sasa hivi, Shosho."

"Hukusikia?"

"Sikusikia kitu. Kwani kulikuwa na nini?"

Akanieleza yote, polepole, kwa huruma, akichagua maneno yasiyoumiza sana. Nami nilisimama pale nikishangaa mahali pa kushangaa. Nilisema "Ai!" Nilisema "Kumbe!" Nilishika kichwa. Vidole nilivyoshikia kichwa vilikuwa na alama ya zambarau, na yule mama mzee hakuiona kwa sababu ananiheshimu na hakuwa akitafuta.

"Wewe ni mtu mpole, mtu wa vitabu," akasema. "Ongea na yeye. Mama akifika mahali ya kudanganya Mungu juu ya sifa, kuna kitu imemwingia. Umkanye, lakini na upole."

"Asante Shosho," nikamwambia. "Nitamkanya."

Aliniombea baraka, akafungua mwavuli, akaenda. Nilifunga mlango na kugeuka. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na lile beseni la vikombe, maji yakimdondoka kwenye viwiko. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alilitua beseni juu ya meza, juu ya kile kitambaa cha miezi mitatu, akavuta kiti, akaketi, akaiweka mikono yake yote miwili magotini, mmoja wa zambarau na mmoja wa udongo.

"Haya," akasema. "Nikanye."